Maswali ya Wasomaji: Kupima Nyambizi Iliyozama kwa Kamera

Toleo lililopita lilibeba picha ya modeli ya pande tatu ya AE1, nyambizi ya Australia iliyopotea tarehe 14 Septemba 1914 pamoja na watu wake wote 35, ikaja kupatikana Desemba 2017 karibu na Visiwa vya Duke of York huko Papua New Guinea. Imelala katika kina cha takriban mita 300, mahali ambapo mpiga mbizi wa kawaida hafiki. Picha zilipigwa mwaka 2018 na roboti iliyoongozwa kutoka melini, ndipo wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Curtin, wakaziunganisha kuwa modeli. Barua zilizokuja baada ya hapo zinauliza kama kazi ya namna hiyo inawezekana kwa mtu mwenye mtungi mgongoni na kamera mkononi. Inawezekana, mradi nyambizi yenyewe iwe katika kina kinachofikika, na mpigaji ashuke na mpango wa mpimaji kabla ya jicho la msanii.

Mhariri, mimi ni mpima ardhi, mkazi wa South B. Nilijifunza kupiga mbizi Mombasa, na mwakani nitamtembelea dada yangu North Carolina, Marekani, ambako nasikia kuna nyambizi ya Wajerumani, U-352, inayofikiwa na wapiga mbizi. Ningependa kurudi na modeli yake. Nianzie wapi, na nipige picha ngapi?

Ndugu mpima, kazi yako ya kila siku imekwisha kukupa nusu ya jibu. Fotogrametria ni upimaji kwa picha: programu hutafuta alama zilezile, iwe ni ribiti, doa la kutu au kombe lililojishikiza kwenye chuma, katika picha baada ya picha, kisha hukokotoa mahali kamera iliposimama kila mara na mahali kila alama ilipo. Alama iliyoonekana katika picha moja tu haisaidii chochote. Iliyoonekana katika picha tano au sita, kutoka pembe tofauti, ndiyo inayojenga modeli.

U-352 ilizamishwa tarehe 9 Mei 1942 na Icarus, meli ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, na sasa imelala kwenye mchanga katika kina cha takriban mita 35, ikiwa imeinamia ubavu wake wa kulia. Ni ya aina ya VIIC, yenye urefu wa mita 67 na upana wa mita 6 na ushei. Hesabu zako zianze na vipimo hivyo, ukiwa bado mezani kwako South B.

Tuseme una kamera yenye sensa (kidude kinachonasa picha) ya ukubwa kamili na lenzi ya milimita 24, nyuma ya kioo cha umbo la kuba, nawe unaogelea mita 2 kutoka kwenye chuma. Kila picha itachukua eneo la takriban mita 3 kwa mita 2. Ukitaka picha zinazofuatana zifunikane kwa asilimia 80, utapiga moja kila baada ya sentimita 60. Na ukiogelea kwa utulivu, sentimita 30 kwa sekunde, hiyo ni picha moja kila sekunde 2, mwendo ambao flashi nzuri huumudu. Mstari mmoja kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, utakupa picha 112 hivi na utakula karibu dakika 4. Mistari jirani nayo ifunikane kwa asilimia 60, yaani iachane kwa sentimita 80, na kwa kuwa nusu ya mzingo wa mwili huo inakaribia mita 10, utahitaji mistari 12 au zaidi. Hapo umefikia picha zipatazo 1,350, na ukiongeza mnara, mapezi ya kuongozea kina na kila pembe iliyojificha, jiandae kwa picha 2,000.

Sasa linganisha hesabu hiyo na saa. Mistari 12 ni dakika 45 za kuogelea mfululizo, lakini jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya wapiga mbizi, linaruhusu dakika 14 tu katika mita 35 kwa hewa ya kawaida, kushuka kwenyewe kukiwa ndani ya dakika hizo. Mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 30 hukusogeza hadi karibu dakika 20, iwapo umepata mafunzo ya kuutumia. Kwa vyovyote, modeli nzima haitoki katika mbizi moja, na anayejaribu kuilazimisha hurudi na picha zenye ukungu na mtungi mtupu. Gawa kazi katika mbizi nne au tano, na mbizi ya kwanza usiipoteze kwa kukamilisha kipande kimoja kwa uzuri. Itumie kujenga kiunzi: mstari mmoja juu ya sitaha kutoka tezi hadi omo, uzunguke omo, urudi kwa ubavu wa kushoto ulio wazi zaidi. Mbizi zinazofuata zitajaza nyama juu ya mifupa hiyo.

Hapa ndipo nyambizi inapokuwa ngumu kuliko meli nyingine. Ni kitu chembamba, kirefu na cha mviringo; kosa dogo linalojificha kati ya picha na picha hujilimbikiza mita kwa mita, hata modeli ikapinda omo au ikajipandisha tezi, ilhali machoni inapendeza tu. Wewe unajua kuwa mzunguko wa upimaji usiofungwa hauna thamani, na chini ya maji ni vivyo hivyo. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na sijapata kuona methali inayomfaa mpiga picha wa nyambizi kuliko hiyo: kila baada ya mita 10 hivi, ukate mstari wa kuvuka, upande kutoka mchangani upande mmoja, upite juu ya sitaha, ushuke upande wa pili, ukirudisha kila mara picha kwenye kiwiliwili ambacho umeshakipiga. Bila mivuko hiyo, ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia vitakuwa modeli mbili zisizojuana.

Jambo la pili ni rula. Picha peke yake haijui kama imepiga nyambizi au mwanasesere. Tengeneza fimbo nne za alumini za mita moja, kila ncha ikiwa na alama maalumu ambayo programu huitambua, iliyochapishwa kwenye plastiki isiyong'aa, kwa sababu plastiki inayong'aa hurudisha mwanga wa flashi na alama ikapotea. Zilaze mchangani kando ya omo, kando ya tezi na mbili katikati, wala usiziegemeze kwenye chuma kilichooza. Chukua pia kina cha nukta kadhaa unazoweza kuzitambua baadaye, kwa kutumia kompyuta ileile ya kupigia mbizi, ivaliwayo mkononi, katika mbizi zote, ili modeli isimame wima kama ilivyo baharini. Ukikokotoa, tumia fimbo tatu na uifiche ya nne. Kisha iulize modeli urefu wa ile uliyoificha. Ikijibu mita moja na tofauti ya milimita mbili tatu, umefaulu. Ikikosea kwa sentimita 5, rudi kwenye picha, wala usimwonyeshe mtu. Bomba la torpedo la nyambizi hizo lilitengenezwa kwa torpedo zenye kipenyo cha sentimita 53.3, nalo ni kipimo kizuri cha ziada, lakini usikitegemee peke yake kwa kuwa kutu na viumbe vya baharini hunenepesha kila kitu.

Mazoezi yafanye hapa hapa Nairobi. Katika Makumbusho ya Reli, karibu na Barabara ya Haile Selassie, kuna garimoshi la Garratt nambari 5918, Mount Gelai: chuma cha mviringo, chenye urefu wa zaidi ya mita 30. Omba ruhusa, lizunguke kwa mpango uleule, pamoja na mivuko na fimbo zako. Likitoka limenyooka, uko tayari. Nakutahadharisha tu kwamba rangi yake laini ni ngumu kwa programu kuliko nyambizi yako, ambayo ganda lake jembamba la nje limeliwa na chumvi na kuacha ganda nene la ndani likiwa na madoa na mikunjo ya kila aina. Kwa mpima, uchakavu huo ni neema.

Mhariri, salamu kutoka Kasarani. Sina kamera kubwa. Nina ile ndogo ya michezo ambayo hupiga video. Kila kitu ninachopiga chini ya maji hutoka kijani kibichi au buluu, na vumbi jeupe hutapakaa kote kama theluji. Je, kuna tumaini?

Dada, tumaini lipo, na rangi isikunyime usingizi. Maji hufyonza mwanga mwekundu kwanza, na ukifika mita 10 sehemu kubwa yake imekwisha. Lakini programu hushikanisha picha kwa tofauti ya weupe na weusi, si kwa rangi. Modeli ya kijani kibichi inaweza kuwa sahihi kabisa, na ile yenye rangi za kupendeza ikawa ya uongo.

Kinachoharibu kazi ya kamera hizo ni kitu kingine, tena ndicho kinachotangazwa kuwa sifa yake: kituliza picha cha kielektroniki. Ili video isitikisike, kamera hukata na kuvuta kila fremu kwa namna yake, na programu inayodhani lenzi ni ileile muda wote hupotea njia. Kizime. Funga pia mizani ya rangi na mwanga visijibadilishe vyenyewe, rekodi kwa ubora wa 4K, ogelea polepole kuliko unavyodhani inatosha, kisha toa fremu mbili kwa kila sekunde ya video. Usigeuze kamera ghafla, kwani sensa zake husoma picha mstari baada ya mstari, na kitu kilichonyooka hutoka kimelala upande.

Hilo vumbi ni chembe zilizo majini kati yako na chuma, zinazomulikwa na taa iliyo karibu mno na lenzi. Ondoa taa juu ya kamera, funga mbili kwenye mikono mirefu kushoto na kulia, na uzielekeze nje kidogo ili mwanga wake ukutane kwenye chuma na si mbele ya pua yako. Taa mbili pia hulainisha vivuli, jambo la maana, maana kivuli kinachohama pamoja nawe huonekana kwa programu kama umbo linalohama. Mengine ni nidhamu ya miguu: teke moja kwenye mchanga litakugharimu dakika tano za maji ya matope, na mwenzako aliye nyuma atakuwa hana la kupiga.

Mwisho, usichukue vipimo vya lenzi ulivyopata nchi kavu ukavitumia majini. Nyuma ya kioo bapa, maji hukuza vitu kwa takriban theluthi moja na kupinda kingo za picha. Iache programu ikokotoe tabia ya lenzi kutokana na picha za majini zenyewe.

Mimi ni mwanafunzi, naishi Roysambu. Ni programu gani, na kompyuta ya nguvu kiasi gani?

Wengi hutumia Metashape ya kampuni ya Agisoft, ambayo hulipiwa. Meshroom na COLMAP ni za bure na zinatosha kujifunzia, ila Meshroom huhitaji kadi ya grafiki ya NVIDIA ili kukamilisha modeli. Kwa picha 2,000, kumbukumbu ya gigabaiti 32 itakusukuma kwa shida na 64 itakupa nafasi ya kupumua. Ukiwa na chini ya hapo, gawanya nyambizi katika vipande vinavyoshirikiana alama, kokotoa kimoja kimoja, kisha viunganishe. Kazi huchukua usiku kucha, hivyo nunua kifaa cha kuhifadhi umeme kabla ya kununua kadi ghali. Umeme ukikatika saa kumi alfajiri, hakuna kadi itakayokufariji. Na kabla ya kukokotoa, pitia picha kwa macho yako, moja moja, utupe zenye ukungu. Picha mbaya kumi huharibu kazi ya nzuri mia. Samaki hawana tatizo kwa kuwa hawakai mahali pamoja. Wavu wa wavuvi ulionasa kwenye mnara na kuyumba na mkondo ndio adui, nao inabidi uufunike wewe mwenyewe, ndani ya programu, katika kila picha unamoonekana.

Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa Buruburu. Wanaume walifia ndani ya vyombo hivyo. Ni halali kwenda kuvipiga picha? Na je, mtu anaweza kuingia ndani ili modeli ikamilike?

Mwalimu, swali lako la pili lina jibu fupi: asiingie. Lango la nyambizi lilitengenezwa kwa mwanamume asiye na mtungi mgongoni, ndani kuna nyaya zilizolegea na tope ambalo likitibuliwa humfanya mtu asione mkono wake, na torpedo zinaweza kuwa zimo bado na baruti zake. Kamera iliyonyooshwa mlangoni inatosha.

La kwanza linategemea nchi. Chombo cha kijeshi kilichozama kwa kawaida hubaki mali ya dola iliyokimiliki, hata kikiwa katika maji ya nchi nyingine. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi, na chini yake nyambizi HMS A7, iliyozama katika ghuba ya Whitsand tarehe 16 Januari 1914 na mabaharia wake 11, haipigiwi mbizi bila leseni. Marekani ina sheria yake ya mwaka 2004. Mahali pengine wapiga mbizi huruhusiwa kutazama bila kugusa. Anayepanga safari aulize kwanza, na aulize kwa maandishi.

Ila mimi naona modeli iliyopimwa vyema ni heshima kwa kaburi kuliko ziara kumi za watu wa kushangaa, kwa sababu inaonyesha hali yake ya siku ile, na anayefuata ataweza kulinganisha. Mfano ni Holland 5, mojawapo ya nyambizi za kwanza za Uingereza, iliyozama mwaka 1912 ikivutwa karibu na Beachy Head. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba kifuniko cha bomba lake la torpedo kimeibwa. Wizi kama huo hutambulika tu pale ambapo mtu alitangulia kurekodi kilichokuwapo. Na hiyo ndiyo sababu ya kusisitiza rula: picha nzuri itakuambia kifuniko hakipo, lakini modeli yenye vipimo itakuambia pia kwamba ubavu umebonyea sentimita 8 tangu mwaka juzi, na ni mahali gani chuma kinaelekea kuporomoka.

Bahari yetu je? Kuna nyambizi ya kupiga picha karibu kuliko Marekani? Msomaji, Umoja.

Nyambizi zilipita huku, tena kwa ubaya. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya abiria Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa imebeba wanajeshi, wakiwemo wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Watu 1,297 walikufa. I-27 yenyewe ilizamishwa siku hiyohiyo na manowari za Uingereza Paladin na Petard, katika maji ambayo hayamfai mpiga mbizi. Miezi mitatu baadaye, mwanzoni mwa Mei 1944, nyambizi ya Kijerumani U-852 ilishambuliwa na ndege kutoka Aden, ikakwama kwenye pwani ya Somalia na kulipuliwa na mabaharia wake wenyewe. Sikushauri kwenda huko na kamera.

Kwa mazoezi, nenda MV Dania karibu na Mombasa, meli iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki. Si nyambizi, lakini ni chuma kirefu chenye mkondo, samaki na kina cha kukufunza nidhamu. Ukiona ni kubwa mno, chukua usukani tu au sehemu moja ya tezi. Timu iliyopima SS Thistlegorm katika Bahari ya Shamu mwaka 2017 ilihitaji picha zaidi ya 24,000 kwa meli nzima na eneo lake, nao walikuwa wengi.

Mhariri, tukimaliza mbizi asubuhi Mombasa, tunaweza kupanda treni ya mchana kurudi Nairobi kuanza kukokotoa? Sisi ni vijana watatu wa Lang'ata.

Msipande. Watu hukumbuka tahadhari ya ndege na kusahau kwamba Nairobi yenyewe iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Naitrojeni iliyobaki mwilini haijali kama mmepanda kwa mabawa au kwa reli. Shinikizo la hewa likipungua, hutoka kwa mapovu. Miongozo ya shirika la usalama wa wapiga mbizi, DAN, inayohusu mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400 hivi, inataka mtu asubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji kusimama njiani, na angalau saa 18 baada ya mbizi nyingi au za siku kadhaa. Kazi ya modeli karibu kila mara ni mbizi nyingi. Kateni tiketi ya kesho yake alasiri, na usiku huo mkiwa bado Mombasa nakilini picha kwenye diski mbili tofauti, kisha mziendeshe haraka kwa ubora wa chini. Zikionyesha tundu katikati ya sitaha, mtajua kabla ya kurudisha mitungi ya kukodi.